Nyota Tatu kwa Nyumba ya Mama Mkubwa

Ziwa lililofurika liliporudi nyuma lilituachia ukuta uliolala chali na matope yaliyofika kwenye madirisha. Mama mkubwa, dada ya mama yangu, alisimamisha ukuta upya, akapaka vyumba rangi ya maziwa, akaotesha maua ndani ya matairi ya zamani. Nyumba yake ya wageni ilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa wageni. Waliokuwa wakija zamani walisikia kwamba maji yametumeza, na hakuna aliyewaambia kwamba tumeibuka.

Mjomba, kaka yao, alikuwa na wazo lake. Kulikuwa na mfanyabiashara wa saruji aliyetafuta depo kando ya barabara ya kwenda Makobola, na geti letu lilikuwa pana, lori lingepita bila kugusa nguzo. Familia ikakaa sebuleni na kukubaliana: likizo kubwa ikiisha na vyumba bado vitupu, vitanda vitauzwa na saruji itaingia. Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa tu. Nyumba ile aliijenga baada ya kufiwa na mume, kwa kuuza mikeke, samaki wa ziwa letu, sokoni, chumba kimoja baada ya kingine. Niliona jinsi alivyokuwa akishika ukingo wa kiti.

Kisha akanigeukia mimi.

"Weye njo unajua mambo ya mutandao. Ita batu bakuye."

Waite watu waje. Alilisema kama mtu anayeniagiza chumvi.

Lazima nikiri: mambo ya mtandao nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kompyuta ya mkono wa pili ambayo kibodi yake ilikosa vitufe viwili. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kurasa za msaada, nikajaribu, nikaharibu, nikarudia. Na kwa kuwa hakuna aliyenipa cheti, kila siku niliishi nikingoja mtu atokee aniulize nani alinipa ruhusa.

Kwa hiyo nilifanya kazi kama mtu anayejificha. Tovuti ilikuwa imekamilika, lakini sikuifungua. Nilibadilisha rangi ya kitufe cha kuweka nafasi, nikairudisha, nikaibadilisha tena. Niliandika sentensi ya kwanza mpaka ikapoteza ladha. Niliogopa mtu wa Brusseli au wa Ottawa ataifungua na kucheka.

"Mutoto," mama mkubwa aliniambia akiwa anaparua samaki, "hii site yako iko na mimba ya tembo? Itazaa lini?"

"Karibu, mama mukubwa."

"Karibu ya weye naijua. Hata mbuzi ya Mulenge ingekuwa imeisha shuka na kurudi mulimani."

Nikaifungua kwa aibu, si kwa ujasiri. Na sasa nitasema yale niliyofanya vizuri, kwa sababu nina tabia ya kukumbuka makosa tu.

Nilianza kwa kujiuliza mtu aliye mbali anaandika nini anapotafuta mahali pa kulala Uvira. Haandiki "utulivu kando ya maji ya buluu", maneno niliyokuwa nimeyaweka juu kabisa na kuyapenda mno. Anaandika nyumba ya wageni Uvira. Anaandika mahali pa kulala karibu na mpaka. Nikafuta utulivu wangu, nikaweka maneno yake kwenye kichwa cha ukurasa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kila lugha na ukurasa wake. Halafu nikakaa karibu na simu ya mama mkubwa na kusikiliza maswali wanayouliza wanaopiga. Maji yapo? Umeme ukikatika mnafanyaje? Gari linaweza kulala ndani? Mnapika sombe ya muhogo au ni mikate tu? Kila swali lililorudi nikaliandikia jibu la kweli. Kuhusu umeme niliandika kwamba unakatika, na kwamba tuna taa za jua. Niliogopa ukweli huo utatufukuzia watu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba ndiyo aya iliyosomwa kuliko zote.

Picha zilinitesa. Nilizipenda kubwa, zenye kila jani, lakini kwa mtandao wetu picha kubwa inafunguka kipande kwa kipande na mgeni anaondoka kabla hajauona mlango. Nikazipunguza hadi zikawa nyepesi. Na anwani: kwetu hakuna anayefika kwa nambari ya nyumba. Nikaandika jinsi ya kutoka mpakani Kavimvira, upite soko, ushuke upande wa ziwa kwenye kona ya mafundi wa pikipiki, uulize nyumba ya mjane wa mikeke. Nikaweka alama kwenye ramani ya mtandaoni na kwenda kuikagua kwa miguu, kwa sababu mara ya kwanza ilitua ndani ya maji, na majirani wakaniuliza kama tumeanza kulaza samaki.

Wiki chache zikapita. Kila asubuhi nilitafuta nyumba yetu kwa simu yangu na kutukuta wa kwanza. Nilitembea kwa kiburi kidogo. Kisha nikaazima simu ya muuza vocha jirani na kutafuta maneno yale yale, tukawa ukurasa wa pili, chini. Simu yangu ilikuwa imezoea kunionyesha kile ninachokipenda. Tangu siku ile, nikitaka kujua tulipo, ninaomba simu ya mtu asiyetujua.

Kilichokosekana, nilisoma, ni maoni ya wageni. Injini za utafutaji hupima nyumba kwa kile watu wengine wanachosema juu yake, na mgeni naye hufanya hivyo hivyo. Wageni wachache walikuwa wameanza kuja: kwaya ya Makobola iliyokuja kuimba kwenye harusi, familia kutoka Bwegera iliyoleta mahari, kijana aliyerudi kutoka ng'ambo kumzika bibi yake. Nikawaomba wote, mlangoni, wakiwa na mizigo mikononi: "Tafadhali, mutuandikie neno, na mutuwekee nyota."

Wakaandika kweli, wote. Na nyota zikaja tatu.

Tatu. Tatu. Tatu. Moja ikaja nne, nikataka kulia kwa furaha. Kisha tatu nyingine. Wastani wetu ukakaa pale, juu kidogo ya tatu, kando ya nyumba nyingine za mji zenye nyota nne na nusu, na kwenye ramani tukaanza kuteremka. Simu zilizokuwa zimeanza kulia zikanyamaza. Mtu wa mbali ananunua tiketi ya ndege. Hawezi kubahatisha nyumba ya nyota tatu.

Sasa niseme jinsi nilivyokuwa. Sikula vizuri. Nilikagua vyandarua tundu kwa tundu. Nilinunua sabuni nyingine, nikabadilisha mito, nikamhoji mpishi wetu kuhusu chumvi mpaka akavua aproni na kuniambia nipike mwenyewe. Nilinusa mashuka. Nilikuwa na hakika kwamba kuna kitu kichafu ndani ya nyumba ile ambacho kila mgeni alikiona na kwa adabu hakukisema, na kwamba kitu hicho labda nilikuwa mimi.

Mama mkubwa aliumia kwa namna yake. Alikuwa amewakumbatia watu wale. Aliwafungia samaki wa kula njiani.

"Balikula, balicheka, baliniombea," alisema. "Alafu bananipatia tatu. Minye niliwafanya nini?"

Mjomba alipita Jumamosi moja na mfanyabiashara wa saruji, bwana mpole mwenye futi ya kupimia. Walipima chumba cha kwanza huku kitanda bado kimetandikwa. Mjomba akanionyesha simu yake.

"Ona, mupwa wangu. Si minye nasema. Ni mutandao wenyewe unasema hii nyumba ni ya katikati tu."

Nilishika ncha nyingine ya futi, kwa sababu bwana yule aliniomba, na nikaishika ikiwa imenyooka kabisa. Hata katika kubomoa kwetu nilitaka vipimo viwe sahihi.

Kilichotuokoa kilikuja na mfuko wa mchele. Aliyeuleta alikuwa mwalimu mstaafu wa Bwegera, mama mmoja mwenye sauti ya kengele ya shule, ambaye alikuwa amelala kwetu na ujumbe wa mahari. Alikuwa na safari mjini, akaona asipite hivi hivi. Mchele ulikuwa wa shamba lake, mpya, bado una harufu ya jua. Akamkabidhi mama mkubwa kwa mikono miwili, akamwita dada.

Mimi nilijua kwa moyo nyota za kila mgeni. Huyu alitupa tatu. Mtu asiyetupenda haleti mchele wa shamba lake. Nikauliza.

"Mama mwalimu, musamaha. Tulikukosea wapi?"

"Kunikosea? Nani amesema?"

"Ulitupatia nyota tatu."

"Ndiyo, tatu juu ya tano!" alisema kwa fahari. "Haujui hesabu? Ni makumi sita juu ya mia. Ile ni satisfaction, binti. Minye nilifundisha mpaka nywele ikakuwa nyeupe. Satisfaction sikuipatia muntu bure."

Nilihisi kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

"Na nne?"

"Nne ni grande distinction!" Akacheka. "Kwa yale maji ya kuoga yenye yalikuwa baridi asubuhi? Hapana. Tuseme ukweli mbele ya Mungu."

"Na tano, mama?"

"Tano juu ya tano? Kwani munye ni malaika? Muntu wa vile sijamuona mu shule yangu, hata watoto yangu mwenyewe."

Mama mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo ulitupitisha?"

"Dada! Mulipita na heshima! Kama ingekuwa mutihani, mungekuwa darasa la juu sasa."

Mimi mwenyewe nilisoma shule zile zile. Nilijua vizuri kwamba kwetu nusu ya pointi zote inakuvusha, kwamba sitini, ile satisfaction, inakufanya utembee wima, kwamba ukipata sabini unapewa distinction na baba yako anaionyesha buletini yako ya shule kwa majirani. Mimi nililia siku nilipopata sabini na tisa, pointi moja chini ya grande distinction, na mwalimu akaniuliza kama nina homa. Na bado sikuwaza hata mara moja kwamba wageni wetu walikuwa wanasahihisha. Nilikuwa nimesoma nyota peke yake. Nikafungua simu na kusoma maneno yaliyofuata nyota, sasa kwa mara ya kwanza bila kuogopa. "Nyumba safi sana, samaki tamu, Mungu aibariki." Nyota tatu. "Tulilala kama kwetu. Nitarudi." Nyota tatu. "Mama wa nyumba hii ni mama wa wote." Yule wa nyota nne.

Mjomba aliposikia, akaona njia fupi.

"Rahisi! Batoto ya dada na ya kaka bamejaa mu mji huu. Kila mumoja apige tano, kesho tuko juu."

Sitadanganya, nilivutiwa. Nilianza hata kuhesabu mabinamu kichwani. Lakini nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba maoni ya uongo hugunduliwa, na nyumba inaweza kufutwa kwenye ramani kabisa. Kingine kilikuwa rahisi zaidi: mabinamu wale hawakuwahi kulala kwetu, ila mama mwalimu alilala. Wala sikutaka kumwomba arekebishe pointi zake. Mwalimu aliyetoa sitini kwa dhamiri safi hageuzwi kwa kubembelezwa, na mimi nilikuwa nimeanza kuipenda sitini yake.

Basi nikafanya mambo mawili. Kwanza nilimjibu kila mgeni hadharani, chini ya maoni yake, kwa jina la nyumba: asante, tumepokea satisfaction yako, na yale maji baridi tumeyashughulikia. Hilo la maji lilikuwa kweli. Fundi alishakuja kuweka pipa jeusi juu ya paa lishike jua.

Pili, niliandika ukurasa mpya kwenye tovuti. Niliuandika asubuhi moja barazani, na sikumbuki kuandika kitu kwa haraka hivyo maishani mwangu. Kichwa chake kilikuwa: "Kwa nini nyumba yetu ya wageni Uvira ina nyota tatu". Nilieleza kwa mtu yeyote anayetaka kuja jinsi watu wa kwetu wanavyotoa pointi. Nilieleza kwamba mtu wa Uvira akikupa tatu, amekufungulia mkono. Akikupa nne, ameenda nyumbani na kukusimulia. Niliweka maneno ya wageni kama walivyoyaandika, kwa ruhusa yao. Mama mwalimu alikubali tupige picha ya mkono wake ukishika kalamu nyekundu, na akasisitiza tuandike kwamba maji ya moto bado anasubiri kuyaoga mwenyewe.

Mama mkubwa alisoma nyuma ya bega langu, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye nyota nne alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge.

"Umemaliza?"

"Bado. Picha imeinama kidogo. Na aya ya pili nataka…"

Akanyoosha kidole juu ya bega langu, akabonyeza kitufe mwenyewe. Ukurasa ukaenda.

"Mama mukubwa!"

"Wacha batu bacheke na picha yenye imeinama. Njo vile mikono ya mwalimu iko."

Nilikaa siku mbili nikiwa na joto la homa, nikiona picha ile iliyoinama kila nilipofunga macho. Kisha simu ya mama mkubwa ikaanza kulia.

Kijana yule aliyemzika bibi yake alikuwa ameutuma ukurasa kwenye kundi la watu wa Uvira wanaoishi ng'ambo. Wakacheka kama nilivyoambiwa watacheka, lakini walicheka wakiwa upande wetu. Kila mmoja akaanza kusimulia pointi zake: aliyepigwa kwa kupata arobaini na tisa, aliyepewa distinction, kisha mama yake akamwuliza zile pointi nyingine amempa nani. Mtu mwenye tovuti ya habari za jumuiya yao akaandika juu yetu na kuweka kiungo cha kuja kwenye ukurasa wetu. Mpangaji wa harusi akaweka kingine. Kwaya moja ya huko wanakoishi ikaweka kingine, Mungu anajua kwa nini. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba kiungo ambacho mtu anakiweka kwa kupenda kina uzito kuliko viungo mia vya kuombaomba, na nilikuwa nimekubali kama mtu anavyokubali habari za theluji. Sasa niliiona theluji.

Nilikwenda kwa muuza vocha. Nikatafuta kwa simu yake nyumba ya wageni Uvira. Tulikuwa wa kwanza. Nikamwomba mteja wake, mama aliyekuja kununua vocha, nikatafuta kwa simu yake pia. Wa kwanza. Nikasimamisha dereva wa pikipiki.

"Dada, unatafuta nini mu simu ya batu?"

"Nyumba yetu."

"Imepotea?"

"Hapana, kaka. Imeonekana."

Kiangazi kile vyumba vyetu vyote vilijaa. Familia moja iliyotoka ng'ambo kwa mahari ya binti yao iliweka nafasi ya nyumba nzima, na kila mmoja wao alitaka kuona "ile nyumba ya satisfaction". Nilihamishwa kutoka chumbani kwangu nikalala kwenye mkeka wa sebuleni, na asubuhi nilipanga foleni ya bafuni nyuma ya wageni, taulo begani, ndani ya nyumba yetu wenyewe, nikiwa na furaha ambayo sikujua pa kuiweka. Nyota nazo? Zilikuja tatu kwa wingi, nne hapa na pale. Wastani ulipanda kidogo tu. Haukunisumbua tena, kwa kuwa waliotutafuta walijua kuusoma.

Likizo ilikuwa haijaisha mjomba alipofika, Jumapili, kutoka kanisani, akiwa na suti. Alikuwa anatafuta chumba kwa ajili ya wakwe zake.

"Imejaa," mama mkubwa akasema.

"Hata kimoja? Cha ndugu yako?"

"Ndugu yangu, hata huyu mutoto analala chini."

Mjomba alisimama katikati ya ua. Watoto wa wageni walikuwa wanakimbizana kati ya matairi ya maua. Wakubwa walikuwa wanakula mikeke na wali wa Bwegera. Mtu alikuwa anajaribu gitaa. Alitazama geti pana. Kisha akatoa simu, na kwa sauti ya kusikika na wote akampigia bwana wa saruji.

"Mukubwa, tafuta pengine. Hapa batu banalala."

Mama mkubwa aliweka sahani chini. Aliingia ndani, nikafikiri amekwenda kulia, na huenda kweli alilia kidogo. Lakini alirudi na kopo la poda mkononi, ile poda nyeupe tunayowamwagia waliofaulu mtihani wa taifa, barabara nzima ikigeuka nyeupe. Mjomba akamwona, akaelewa, akamnyang'anya kopo. Akanimwagia yeye mwenyewe, kichwani, mabegani, kwenye kola ya gauni langu la kanisani, mpaka nikaanza kukohoa.

"Na pointi ngapi?" mgeni mmoja akauliza kutoka mezani.

"Distinction!" mjomba akasema.

"Wee, distinction? Kwa picha yenye imeinama?" mama mkubwa akasema, huku analeta kopo la pili.